Namna ya kupanga stahiki za mafundi kwenye banda la friji, TV na mashine za kufulia hapa Dar

Wakuu, hii naiandika kwa ajili yako wewe mwenye banda la ufundi, unatengeneza friji, mashine za kufulia, TV, feni, pasi, majiko ya gesi na una vijana wawili, watatu au hata kumi wanaokufanyia kazi. Na wewe fundi uliyeajiriwa soma pia, maana kila ninachomwambia bosi akifanye hapa ndo hicho hicho wewe unatakiwa ukidai.

Mi nimeanza kama saidia fundi, nabeba kompresa begani na kushika tochi, alafu nikawa fundi, sasa hivi nina banda langu Buguruni na tuko saba. Kilichonifanya nilishike hili jambo kwa mikono miwili ni siku moja zamani nikiwa bado nafanya kazi kwa mtu. Mwenzetu alikuwa anachomelea bomba la friji, friji yenyewe ilikuwa ya gesi ya R600a ambayo inawaka moto, siyo kama ile R134a tuliyoizoea, na gesi ilikuwa haijatoka yote. Moto ukamrukia mkono na shingo. Bosi alimpakia kwenye bajaji mwenyewe akampeleka hospitali, akalipa siku ile, akalipa na wiki iliyofuata, alafu hela ikaisha. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya pale, bosi alikuwa anahangaika hadi usiku anapiga simu kukopa, sisi tukachanga kidogo kidogo kila Jumamosi, lakini jamaa alikaa nyumbani Mbagala miezi miwili mkewe anauza mihogo ya kukaanga ndo wale. Kulikuwa hakuna kitu kilichopangwa kabla. Baadaye sana nikaja kujua kwamba kuna mfuko wa serikali kazi yake ndo hiyo, na mchango wake kwa mtu mmoja kwa mwezi haufiki hata bei ya sahani ya wali nyama.

Sasa kitu cha kwanza kabisa, kabla hujaanza kupiga hesabu, jiulize hawa vijana wako ni waajiriwa au siyo. Wengi wetu tunajibu haraka haraka, "hapana, sisi tunagawana tu hela ya ufundi nusu kwa nusu, kila mtu anajitegemea". Mi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, haiangalii mmekubaliana kuitana nini, inaangalia mnavyoishi pale bandani. Je, wewe ndo unamwambia afanye kazi ipi na aifanyeje? Je, wewe ndo unampangia saa ya kuingia na kutoka? Amefanya kazi kwako wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita? Anategemea hela yako kuishi? Mashine ya kuvuta gesi, mtungi, mita na bisibisi anavyotumia ni vya kwako? Anafanya kazi kwako peke yako? Yaani ikiwepo hata moja tu kati ya hizo anahesabika kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Na angalia vizuri hiyo ya saa, ni 45 kwa MWEZI, siyo kwa wiki, kijana anayekuja Jumatatu na Alhamisi tu anazifikisha.

Kwaiyo yule dogo wako wa asilimia ni mwajiriwa wako ndugu yangu. Fundi ambaye siyo mwajiriwa ni yule mwenye vifaa vyake, ana wateja wake huko Sinza na Kimara, ukipata kazi ya kiyoyozi iliyokushinda unampigia anakuja anafanya analipwa anaondoka. Huyo mwache. Wengine wote andika majina yao kwenye karatasi, tuendelee.

Baada ya majina yaje maandishi. Siyo lazima wakili. Mi nilikaa na kila mmoja chini ya ule mti wetu, tukaandika kurasa mbili kwa Kiswahili: jina lake, umri na anapoishi, kazi yake ni ipi (fundi friji, fundi TV, dada wa mapokezi na kadhalika), ameanza lini, anafanyia wapi, saa za kazi, mshahara ni kiasi gani na unalipwa lini, na asilimia inapigwaje kama ipo. Kila mtu nakala yake. Hilo la asilimia usiliandike kwa mkato. Kwetu tunaandika kwamba spea inatolewa kwanza, kinachobaki ndo hela ya ufundi, na kati ya hiyo fundi anapata kiasi fulani juu ya mshahara wake. Niliona mabanda mangapi yamevunjika kwa sababu bosi anasema kompresa ilinunuliwa kwa hela hii na fundi anasema hapana mi nimeuliza mwenyewe Kariakoo ni hela ile. Risiti ya spea iwekwe kwenye bahasha ya kazi ile, wote mnaiona.

Na mshahara wa msingi uwepo. Nakuomba sana hapa. Fundi wa asilimia tupu mwezi wa mvua wateja hawaji anakaa na njaa, ikifika msimu wa joto Desemba mpaka Februari anajiua kwa kazi. Weka mshahara wa msingi usiopungua kima cha chini cha sekta yenu, kiulize Ofisi ya Kazi maana amri ya mishahara inabadilishwa kila baada ya muda, alafu asilimia iwe juu yake. Na kwa yule ambaye halipwi kwa muda, sheria inachukua alichopata ndani ya wiki 13 zilizopita ndo inapata mshahara wake wa msingi, kwaiyo hata kama ni asilimia tupu huwezi kusema hana mshahara wa kupigia hesabu. Daftari lazima.

Haya, tuje kwenye ule mfuko. Unaitwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, watu wanauita WCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na michango ikaanza kukusanywa 2015. Ulianza kwa asilimia 1 kwa sekta binafsi, ukashushwa, na kuanzia Julai 2022 ni asilimia 0.5 ya mishahara. Fundi wa laki nne kwa mwezi unamlipia shilingi 2,000. Elfu mbili! Na unalipa wewe mwajiri peke yako, hairuhusiwi kumkata hata senti. Kwa hiyo elfu mbili akiumia kazini au akipata ugonjwa unaotokana na kazi, mfuko unagharamia matibabu, unamlipa asilimia 70 ya mshahara wakati hawezi kufanya kazi mpaka miezi 24, akipata ulemavu wa kudumu analipwa kwa mkupuo au kila mwezi kutegemea na ukubwa wake, na akifariki familia inalipwa. Jamaa yetu wa mkono angekaa Mbagala miezi ile miwili akiwa na hiyo asilimia 70 ya mshahara.

Unajisajili kwa mtandao, uwe na TIN, leseni ya biashara na orodha ya wafanyakazi wenye namba za NIDA. Ukipata shida nenda ofisini kwao, wanaelekeza. Unalipa kwa kontrol namba kwenye simu tu. Kosa ambalo wenye mabanda wanafanya ni kudhani ajali ya kazini ni ile inayotokea ndani ya banda. Sisi nusu ya kazi zetu ni za majumbani, umemtuma fundi na boda aende Tegeta akaangalie mashine ya kufulia, akaanguka njiani, huyo alikuwa kazini. Akiumia, mwandike siku ile ile: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, nani aliona, na karatasi za hospitali usizitupe. Wewe mwajiri ukishapata taarifa una siku 7 za kuwajulisha WCF, na fundi mwenyewe dai lake liingie ndani ya miezi 12. Watu wanakosa haki yao kwa kukaa kimya tu wakisubiri bosi aone huruma.

Pamoja na hiyo fidia kuna kinga yenyewe, na hii nasema kwa uchungu. Vifaa vya kinga ni juu yako. Miwani ya kuchomelea, glavu, viatu vigumu, kizimamoto kiwe karibu na meza ya friji siyo nyuma ya masofa ya wateja. Usimwambie dogo ajinunulie. Maikrowevu hata ikichomolewa ukutani kapasita yake inabaki na umeme wa karibu volti 2,000, kijana ambaye hajafundishwa kuutoa kwanza anaweza kufa hapo hapo mezani kwako. Friji kabla hajaweka moto asome kibandiko cha nyuma au cha kwenye kompresa, kama ni R600a aitoe gesi yote nje penye upepo. Banda lisajiliwe OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ni sehemu ya kazi kama sehemu nyingine, na vijana wapimwe afya.

NSSF sasa, ule mfuko wa pensheni. Hapa ndo bosi anaona maumivu kwa sababu hela ni kubwa kidogo, ila tuipige hesabu pamoja kwa mtu wa laki nne. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kawaida mnagawana kumi kumi, kwaiyo anakatwa 40,000 na wewe unaongeza 40,000, zinaenda 80,000. Huyo fundi kodi yake ya mshahara inapigwa baada ya kutoa ule mchango: 400,000 toa 40,000 inabaki 360,000, sehemu inayozidi 270,000 ni 90,000, asilimia 8 yake ni 7,200. Anaenda nyumbani na 352,800. Wewe kwa upande wako unatoa 400,000 jumlisha 40,000 ya NSSF jumlisha 2,000 ya WCF, jumla 442,000. Hiyo 442,000 ndo bei halisi ya fundi wako, na hiyo ndo unatakiwa uitumie unapopanga bei ya kurekebisha friji. Ukipanga bei kwa 400,000 kila mwisho wa mwezi utaona NSSF kama adui na utaanza kuruka miezi. (Mkifika watu kumi kuna na tozo ya kuendeleza ujuzi, muulize mhasibu au TRA wenyewe.)

Kuruka miezi ni kitu kibaya kuliko watu wanavyodhani. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, ni miaka 15. Mi nimekutana na fundi ana miaka zaidi ya 50, amefanya kazi kwa mabosi wanne tofauti hapa mjini tangu kijana, kwenye taarifa yake ya NSSF kuna miezi michache tu, kumbe wengine walikuwa wanamkata na hawapeleki. Huyo mtu amekaa mbele yangu analia, na mkono wake mmoja tayari unatetemeka hawezi kushika pini ya solda. Kumkata mtu alafu usipeleke ni kumwibia. Fundi, usingoje uzee, omba taarifa ya michango NSSF kila baada ya miezi mitatu hivi, ni bure na siku hizi unaangalia hata kwenye simu, ukiona mwezi haupo muulize bosi kwa heshima siku hiyo hiyo akiwa bado yupo na banda bado lipo.

Bima ya afya nitapita haraka. Kwenye NHIF mchango ni asilimia 6 ya mshahara, tatu yake tatu yako, anatibiwa yeye na mwenza na wategemezi, na kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ambayo inatupeleka wote huko. Kama hujaweza mwezi huu basi anza na WCF na NSSF, ila bima iwe ndo inayofuata kabla ya kununua meza mpya au bango jipya. Na usichanganye, bima ya afya ni ya malaria ya mtoto wake, WCF ni ya mkono uliochomwa kazini.

Saa za kazi. Kwetu tumepanga saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni na saa nzima ya kula, Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi tunatoka saa saba. Hiyo inatoa saa 45 za wiki ambazo ndo mwisho kisheria. Ikizidi ni ovataimu, kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na unalipa mara moja na nusu. Kupata bei ya saa moja chukua mshahara gawanya kwa 4.333 alafu gawanya kwa 45, wa laki nne inakuja kama 2,051, ovataimu ni 3,077 kwa saa, na akija sikukuu ni mara mbili yaani 4,102 hivi. Mteja wa Masaki anayepiga simu Idd Mosi kwamba friji imekufa na nyama ipo ndani, mwambie bei ya sikukuu mapema, wengi wanaelewa, alafu hiyo nyongeza imfikie kijana aliyeacha pilau nyumbani.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka na inalipwa, hela yake apewe kabla hajaondoka. Hapa watu wananiuliza, sasa banda dogo fundi TV mmoja akienda siku 28 nani atafanya? Nimehangaika nalo hilo mwenyewe. Nilichofanya ni kumfundisha kila fundi kazi ya pili, wa friji anajua na mashine za kufulia, wa TV anajua na maikrowevu na redio, na likizo tunazipanga Januari kwenye kalenda ya ukutani ili zisigongane na zisiangukie msimu wa joto. Tangu tufanye hivyo hata mtu akiumwa kazi haisimami. Usimpe hela badala ya kupumzika, mtu anayechomelea na kushika umeme mwaka mzima bila kupumzika ndo anayesahau kuchomoa plagi.

Kuumwa: ndani ya miaka mitatu ana siku 126, za kwanza 63 mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, alete cheti cha daktari. Baba akipata mtoto siku 3 ndani ya wiki ya kwanza. Kufiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa damu, au mtoto kuumwa, siku 4. Mama ni siku 84, mapacha 100, na akirudi apewe mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Dada yetu wa mapokezi alivyojifungua nilishikwa na wasiwasi jinsi ya kulipa watu wawili, tukakubaliana mapema miezi mitatu kabla, nikaweka pembeni kidogo kidogo kila wiki. Alirudi, na wateja wote wa zamani ndo yeye anawajua kwa majina.

Sasa kile kinacholeta ugomvi kuliko vyote, kifaa cha mteja kuharibika. Fundi amechoma bodi ya TV ya mteja, TV ya milioni, bosi anachukua mshahara wote wa mwezi na wa mwezi ujao. Hairuhusiwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 28, inataka iwe kweli ni kosa lake, umemwandikia sababu na hesabu ulivyoipata, amepewa nafasi ya kujitetea, amekubali kwa maandishi, usimdai zaidi ya hasara halisi, na makato kwa mwezi yasizidi robo ya mshahara. Wa laki nne ni 100,000 basi. Mimi naenda mbele zaidi, naweka elfu moja kutoka kila kazi inayolipwa kwenye kibubu cha hasara, TV ikiungua hela inatoka huko, maana bodi nyingine inakuja tayari ina ufa na umeme wetu unavyokatika na kurudi huwezi kumbebesha kijana kila kitu. Makato nayaacha kwa uzembe wa wazi kabisa, na toka nianze hivyo nimeyatumia mara moja tu.

Mwisho ni kuagana, maana mafundi wanahama, huo ndo ukweli wa kazi hii. Anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Kama amemaliza mwaka na zaidi na ni wewe unayemwachisha, siyo kwa utovu wa nidhamu, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mpaka miaka 10. Wa laki nne, siku sita kwa wiki, siku moja ni 15,385, siku saba 107,695, miaka mitatu 323,085. Jumlisha siku za likizo ambazo hajachukua na siku alizofanya kazi mwezi ule. Fundi ukiona umeachishwa kienyeji usizunguke kwa wajumbe, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu uachishwe, madai mengine kama mshahara una siku 60, hulipii kitu.

Na mpe cheti cha utumishi. Karatasi moja, jina, alianza lini, ameondoka lini, alikuwa anafanya kazi gani. Vijana wengi wa kwetu hawajakaa darasani VETA Chang'ombe wala popote, ufundi wameupata mezani, na hiyo karatasi yako ndo inamsaidia akienda kwenye ule mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi, anapimwa anachokijua anapewa cheti. Wawili wa kwangu wameshaenda, mmoja yuko kwa kampuni ya viyoyozi Mikocheni sasa hivi, mwingine amerudi kwangu na ndo anasimamia meza ya friji.